Siku Shangazi Alipoyaosha Maganda ya Baba

Baba yangu alikuwa na kopo la biskuti lenye maganda arubaini ya risasi, na kopo hilo alilipenda kuliko gari lake. Maganda yenyewe yalikuwa ya shaba ya manjano, yamekwisha kupigwa na yanangoja kutiwa baruti upya, meusi mdomoni, na kila moja alikuwa ameliandika kwa kalamu ya wino: nukta moja kwa zuri, nukta mbili kwa la wastani, msalaba mwekundu kwa bovu. Ukiligusa kopo anakuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi.

Sisi tunakaa Ibra, nchi ya Waarabu. Baba alizaliwa Unguja mjini, akaja huku kijana, akasomesha hesabu skuli mpaka akastaafu. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Al Qabil, na ukoo wake una ada moja ambayo hawaiachi hata mvua inyeshe mawe. Siku ya tatu ya Idi wanaume wanakutana chini ya kilima nje ya mji, wanatandika mkeka, na watu kumi wanapiga shabaha kwa zamu, kila mmoja risasi tano, kifudifudi. Nafasi ni kumi tu. Kijana akitaka kuingia lazima mtu mzima atoke. Baba alipewa nafasi yake wiki aliyooa, na tangu mama alipofariki nilikuwa namuona anavyoishikilia. Watoto sisi ni damu yao, yeye hana damu. Ana mkeka ule tu.

Sasa, mwaka juzi alitia mbili kati ya tano. Mwaka jana hakutia hata moja. Baada ya kula, mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye mkubwa wa mstari wa wapiga shabaha, alifuta mikono akasema mbele ya watu, "Shemegi, Idi ijayo usipotia tatu, mpishe kijana. Macho yakichoka yamechoka, ma fi mushkila, hakuna taabu."

"Macho yangu mazima," Baba akajibu. "Maganda ndiyo mabovu."

Walicheka wote. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, na mpaka leo naona haya nikikumbuka.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Ni mfamasia. Kazi yangu ni kupima, na mtu akiniambia "kiasi kidogo" au "kama hivi" napandwa na mori. Nimewahi kurudisha katoni nzima ya dawa ya kikohozi kwa sababu karatasi za chupa zilibandikwa upande. Wenzangu kazini wananiita Mizani, na hawanisifu. Kwa hiyo nilimchukua Baba kwa daktari wa macho, akapewa miwani, akaivaa, akakaa nayo wiki nzima, kisha akasema tena, "Maganda."

Nikamwambia haya, basi, tuyapime tuone. Nia yangu ilikuwa kumnyamazisha.

Tulipima kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, miezi miwili. Baba alinunua mizani ndogo Nizwa, ya aina wanayotumia wauza vito vya fedha, na fundi wa bunduki wa Firq akamuazima kipimo chenye mshale. Fundi huyo ana kibali na karakana, na ndiye anayewatilia watu baruti na vichwa vipya katika maganda ya zamani; Baba kazi yake ilikuwa kuyachagua na kuyasafisha tu. Nilidhani maganda arubaini ya aina moja yatakuwa sawa sawa. Nilipoona mshale unavyocheza nilikaa kitako.

Hakuna ganda lililonyooka duniani, nafikiri. Moja ukuta wake ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, tofauti ambayo jicho haliioni wala kidole hakiigusi, lakini mshale unaiona. Kichwa cha risasi kikikaa ndani ya mdomo kama huo kinakaa kombo. Kikitoka kwenye mtutu kinatoka kombo vilevile, na mpaka kifike kwenye ubao kombo ile ya unywele imekuwa vidole vinne. Jengine zito kuliko wenzake, maana yake shaba imejaa ndani na tumbo limekuwa dogo. Baruti ni ile ile, lakini humo inasukuma kwa nguvu zaidi na risasi inapiga juu. Jengine lina ufa karibu na kitako, mwembamba, na hilo halipigwi kabisa, linatupwa. Baba alikuwa ananieleza haya kwa sauti yake ya skuli, kidole juu, na mimi nakubali kimoyomoyo huku uso nimeukunja. Katika maganda arubaini yaliyopata nukta moja ni tisa tu. Yaliyobaki yote alikuwa akiyapiga miaka na miaka mchanganyiko, moja linatupa kushoto, la pili kulia, la tatu mbinguni, halafu anaambiwa macho.

Nilimuomba radhi. Akasema, "Umechelewa, lakini pokea," akanimegea nusu ya embe yake.

Basi Ramadhani ikaingia, na siku tatu kabla ya Idi akaja shangazi kutoka Sur.

Shangazi ni dada yake mkubwa Baba. Amemlea, amembeba mgongoni, na mpaka leo Baba akimuona anainama, "Shikamoo dada," na yeye anamjibu "Marahaba" huku anamtazama aone kama ameoga. Kwa shangazi Idi haiji mpaka kila kilicho cha shaba nyumbani kimeng'arishwa. Alifundishwa hivyo Unguja, na bahari aliyovuka haikumpunguzia kitu: madele ya kahawa, masinia, vyetezo, mpaka vitasa vya milango, vyote vinalowekwa kwenye ukwaju na chumvi, vinasuguliwa kwa majivu na kumbi la nazi, vinaanikwa juani. Ukwaju anakuja nao mwenyewe. Hauamini wetu.

Siku ile mimi nilikuwa kazini na Baba amekwenda msikitini kusali adhuhuri, akakaa kusoma Kurani. Tulirudi pamoja, tukaingia uani, na hapo juu ya mkeka, baina ya dele na chetezo, tukayaona maganda. Arubaini. Yamepangwa safu nne, kumi kumi, kama biskuti zinazongoja kutiwa tanuri, yanametameta mpaka yanaumiza macho. Hakuna nukta. Hakuna msalaba. Wino wote umekwenda na maji ya ukwaju.

"Nimeyaona machafu," shangazi akasema, mikono imemchubuka, uso umejaa furaha. "N'kasema, Idi hii ndugu yangu akapige bunduki na vitu vyeusi vile mbele ya wakwe? Aibu yetu sote. Kila kimoja n'mekitia kijiti ndani n'kakizungusha."

Nilimtazama Baba. Nilijua anachokiona: Ijumaa nane, mchana wote, mimi nasoma namba na yeye anaandika. Karakana ya Firq ilikuwa inafungwa kesho yake adhuhuri mpaka baada ya Idi. Mimi damu ilikwisha kunipanda, na nilikuwa nimefunga, na mtu aliyefunga akipandwa na damu hana dogo. Baba akaniwekea mkono begani, akaubana.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Yamependeza."

Kwa nini hakusema? Mtu wa nje angeuliza. Lakini hapa ni dada mkubwa, kafunga, miaka sabini na kitu, kasugua maganda arubaini kwa kijiti kwa ajili ya heshima ya ndugu yake. Ungemwambia nini? Mimi ningemwambia mengi. Niliingia ndani nikaufunga mlango wa jiko kwa kishindo, ndiyo ikawa hotuba yangu.

Ila shangazi si mtu wa kufichwa. Alinifuata. "Unanuna nini weye?"

Nikamweleza, kwa adabu niliyoweza kuiokota. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akasema "Masikini ndugu yangu," mara mbili, na machozi yakamlengalenga. Kisha akasimama. "Khalas. Leteni hiyo mizani."

Tulikuwa na alasiri moja. Tuliweka mizani juu ya meza ya kulia, tukazima panka isiitikise, jasho likatutoka watatu sote. Shangazi anapokeza, mimi napima, Baba anaandika. Kurudia kila kitu haikuwezekana. Tulipima uzito tu, tukatenga kumi na mbili yaliyokaribiana. Baba akayatia kwenye kipimo chenye mshale, na hapo akaweka kalamu chini. Yote kumi na mbili yalikuwa na upande mnene. Hakuna hata moja katika yale tisa mazuri lililoangukia kwenye fungu lile, na muda wa kuyapima yaliyobaki hatukuwa nao.

"Haidhuru," akasema. "Nitampisha kijana. Ni haki yake pia."

Alisema polepole, anakunja kitambaa cha miwani, na nilimuona kwa mara ya kwanza ni mzee. Niliumia. Sikujua mpaka dakika ile kwamba ninautaka mkeka ule kwa ajili yake zaidi ya anavyoutaka mwenyewe.

Shangazi alikuwa ameshika ganda moja, analizungusha. "Mnasema upande huu mnene?"

"Ndiyo, dada."

"Na hili jengine pia lina upande mnene? Na lile?"

"Yote."

"Sasa tatizo liko wapi? Tava langu la chapati limebonyea upande mmoja mwaka wa thalathini huu. Mimi mpini nauelekeza ukutani, siku zote, mafuta yanajikusanya pale pale na mkono wangu unajua. Siku mkamwana wangu akiligeuza, ndiyo chapati zinaungua. Nyinyi mnayaingiza haya kwenye bunduki hovyo hovyo, mara mnene juu, mara chini?"

Baba akavua miwani. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mama yuko hai, akainuka akambusu dada yake kichwani. Alikuwa amesomesha hesabu miaka thalathini, na hesabu hii ilikuwa imelala kwenye tava. Bunduki yake ni ya zamani, risasi inaingizwa kwa mkono, moja moja. Ukijua upande mnene uko wapi, unauweka juu kila mara, na risasi zote zinakosea kwa namna moja.

Ikabaki alama. Wino hatukuuamini tena. Nikaenda chumbani nikaleta rangi yangu ya kucha, nyekundu kama komamanga, niliyoinunua kwa ajili ya Idi.

"Rangi ya kucha!" Baba akasema. "Kwenye risasi!"

"Haitoki hata kwa ukwaju," nikamwambia, na shangazi akanipiga kibao cha paja.

Nilipaka kumi na mbili, tone moja kwenye kitako cha kila ganda, upande mnene. Mkono wangu hautikisiki, hilo najisifu. Adhana ya magharibi ilitukuta tunapuliza rangi ikauke. Asubuhi yake tulikwenda Firq, fundi akayatazama, akanitazama mimi na kucha zangu, akatia baruti na vichwa vipya kabla hajafunga. Nafasi ya kujaribu hatukuipata.

Siku ya tatu ya Idi Al Qabil ilinukia ubani na shuwa, nyama ya shimoni, iliyofukuliwa asubuhi ile. Wanawake hatuketi mstarini, tunakaa nyuma, kwenye kivuli cha magari, na birika za kahawa, lakini mimi nilisogea mpaka nikawa nyuma ya mguu wa Baba, na hakuna aliyethubutu kunirudisha. Ubao mweupe ulisimamishwa chini ya kilima, na katikati yake duara jeusi la ukubwa wa kisahani. Ndani ya duara ni ndani. Nje ni nje, hata kwa unywele. Mjomba alikaa na darubini yake, anatangaza kwa Kiarabu kila risasi inapoangukia.

Baba alipolala kifudifudi na kupanga risasi zake tano mbele yake, mjomba aliziona. "Ma sha Allah! Leo risasi zimetoka arusini?" Mstari mzima ukaangua kicheko. "Nyinyi watu wa karafuu, hata risasi mnazipamba."

Yeye mwenyewe, niseme, alikuwa anapiga risasi mpya, za kwenye boksi, na kila Idi alikuwa akimwambia Baba kwamba kushona viraka ni kazi ya mafundi viatu.

Baba aliingiza ya kwanza, tone jekundu juu. Akapiga.

"Barra," mjomba akatangaza. Nje.

"Nje wapi?"

"Kushoto. Vidole vinne."

Ya pili. Tone juu. Baba alivuta pumzi ndefu, nikaona mgongo wake unashuka, akapiga.

"Barra." Kijana mmoja aliyekuwa anangojea nafasi alianza kukunja mikono ya kanzu yake. Shangazi nyuma kwenye gari alikuwa anasoma kila dua anayoijua.

"Nje wapi?" Baba akauliza.

"Kushoto, shemegi. Kushoto vilevile."

"Vidole vingapi?"

Mjomba aliinamia darubini, akaikaza. "Vinne," akasema. "Ajabu. Tundu moja limeingia ubavuni mwa lenzake."

Sikuweza kujizuia, niliruka. Baba hakugeuka, ila nilimuona masikio yanavyosogea, na Baba masikio yake yanasogea akitabasamu. Risasi mbili tundu moja! Bunduki haikuwa inacheza tena, wala macho hayakuwa yanacheza. Ilibaki kusogeza tu. Akaingiza ya tatu, tone juu, akaelekeza mtutu kulia vidole vinne nje ya duara, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapigi.

"Dakhil," akasema mjomba. Ndani.

Ya nne. "Dakhil!"

Ya tano sikuitazama. Nilifumba macho nikasikia mlio, nikasikia shangazi anapiga kigelegele kabla ya mtu kutangaza chochote, kigelegele cha Unguja hasa, kirefu, na kilima kikamrudishia. Ilikuwa ndani. Baba aliinuka na vumbi kifuani, na watu waliomcheka walikuja kumkumbatia mmoja mmoja, na yule kijana akamshika mkono akambusu. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia kama mtoto, na rangi ya macho yote ikanishukia.

Mjomba ndiye hupiga wa mwisho, ukubwa wake huo. Alimpa mtu darubini, akalala. Ya kwanza ndani. Ya pili ndani. Ya tatu nje, ya nne nje mbali. Alikaa sana juu ya ile ya tano; alitoa kitambaa, akafuta jicho, akalenga, akaacha, akafuta tena. Alipopiga, vumbi liliruka kwenye kilima, juu kabisa ya ubao. Hata ubao hakuugusa.

Mjomba hakuinuka. Alibaki amelaza shavu juu ya kitako cha bunduki, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliona shingo yake imekuwa nyekundu. Maneno ya mwaka jana yalikuwa yamesimama pale baina yetu wote. Ningekuwa mimi Baba, kwa hasira zangu, ningeyasema. Ningeyasema kwa Kiarabu na Kiswahili.

Baba alipiga magoti kando yake, akaliokota ganda la mwisho lililorukia mkekani, bado lina moto. Alilizungusha baina ya vidole, akaliinua kwenye jua, akachungulia mdomoni.

"Ah, shemegi," akasema, kwa sauti ya kusikika mstari mzima. "Ganda hili bovu. Ukuta mnene upande mmoja, litazame. Hata mimi lingenitupa kilimani. Kiwanda nacho hukosea." Akanipa. "Muulizeni mfamasia."

Nikalizungusha. Nimepima maganda arubaini kwa miezi miwili, na nimejifunza kwamba ganda la kombo likibingirishwa huyumba. Nikalilaza juu ya sinia la kahawa, nikalisukuma, likabingirika mpaka ukingoni bila kuyumba. Nikachungulia mdomo. Sijaona ganda zuri kama lile, si kabla wala baada. Lingepata nukta moja bila shaka.

Mjomba alikuwa amegeuza kichwa, ananitazama kwa macho mekundu, na nikajua kwamba anasubiri neno langu kama watu wanavyosubiri dirishani kwangu dawa zao. Niliwatazama wote wawili, wazee wawili wenye vumbi.

"Bovu kabisa, mjomba," nikasema. "La kutupwa."

Alinyoosha mkono, nikampa. Alilitazama kwa muda, karibu, kisha mbali, kisha akalitia mfukoni mwa kanzu.

"Nilijua," akasema, na Baba akampa mkono ainuke.